Ganzi, sindano ya mgongo au nusu kaputi: njia ipi kwa mgonjwa mwenye kasoro ya mapigo ya moyo?

Mtu mwenye kasoro ya mapigo ya moyo anapoambiwa kwamba ngiri yake, busha lake au jicho lake linahitaji upasuaji, mara nyingi kinachomtia hofu si kisu bali ni dawa atakayopewa kabla ya kisu. Unguja na Pemba, wapo wengi wanaoamini kwamba mwenye maradhi ya moyo halazwi usingizi, na kwamba akichomwa ganzi basi amesalimika. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, lakini huweza kumfanya mgonjwa akatae upasuaji anaouhitaji, au akubali sindano ya mgongo bila ya kumwambia mtu yeyote kwamba kila usiku anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima ambaye upasuaji wake umepangwa, na ambaye bado ana nafasi ya kukaa na daktari wa usingizi wakazungumza.

Njia zinazolinganishwa ni nne: ganzi ya sehemu, ganzi ya mgongo, dawa ya kutuliza, na nusu kaputi, yaani usingizi kamili.

Kwanza, kasoro yenyewe ni ipi

Kasoro za mapigo hazifanani, na jibu linalomfaa jirani huenda lisikufae wewe. Kasoro inayoonekana zaidi kwa watu wazima ni mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo. Mapigo hukosa mpangilio, na damu inayotuama ndani ya vyumba hivyo huweza kuganda, ikasafiri hadi kwenye ubongo na kusababisha kiharusi. Ndiyo maana wengi wenye hali hii hupewa dawa za kuzuia damu kuganda. Kwetu kasoro hii si ya wazee peke yao, kwa sababu homa ya rumatiki inayompata mtu utotoni huweza kuiacha vali ya mitrali, yaani mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, imebana, na vali iliyobana hukitanua chumba cha juu cha kushoto hadi kikaanza kupapatika.

Wapo wengine ambao moyo hukimbia ghafla kisha hutulia ghafla. Wapo ambao moyo huenda polepole mno, na baadhi yao wamewekewa betri ya moyo, kifaa kidogo kinachouchochea moyo upige. Na wapo wachache, mara nyingi wenye ndugu waliozimia au kufariki ghafla wakiwa vijana, ambao umeme wa moyo huchelewa kujirudisha baada ya kila pigo, hali inayoonekana kwenye kipimo cha umeme wa moyo kama nafasi ya QT iliyorefuka. Mgonjwa asiyejua yeye yumo katika kundi gani aulize kabla ya kuuliza habari za ganzi au usingizi.

Vigezo vya kulinganisha

Moyo wenye kasoro ya mapigo huyumbishwa na mambo machache yanayojulikana vizuri: maumivu na hofu, ambayo huongeza adrenalini mwilini; upungufu wa oksijeni na kuzidi kwa kaboni dioksidi; kushuka kwa presha; na kuvurugika kwa chumvichumvi za damu, hasa potasiamu na magnesiamu, jambo linalowapata sana wanaomeza vidonge vya kukojoza kama furosemidi. Kwa maoni yangu, swali la kweli si kama mgonjwa atakuwa macho au amelala, bali ni njia ipi itakayoyadhibiti mambo hayo kwa moyo huu, katika upasuaji huu, katika hospitali hii. Kwa hiyo kila njia hapa chini inatazamwa kwa vigezo vitano: inaifanya nini presha na mapigo, inapatana vipi na dawa ambazo mgonjwa anameza, inafaa upasuaji upi, inahitaji mashine na watu gani, na saa za baadaye zinakuwaje.

Ganzi ya sehemu

Daktari huchoma dawa, kwa kawaida lignokaini au bupivakaini, mahali penyewe panapopasuliwa au kando ya mshipa wa fahamu unaopahudumia. Ikitumika kwa kipimo sahihi, hii ndiyo njia inayougusa moyo kwa uchache zaidi: presha haishuki, pumzi haibadiliki, na mgonjwa anaweza kusema mwenyewe kwamba kifua kinamwenda mbio. Lignokaini yenyewe hutumika pia kama dawa ya kutuliza mapigo hatari yanayotoka katika vyumba vya chini vya moyo.

Hata hivyo haikosi masharti. Bupivakaini ikizidi, au ikiingia ndani ya mshipa wa damu kwa bahati mbaya, huweza kuusimamisha moyo, na moyo uliosimama kwa sababu hiyo ni mgumu kuamsha. Dawa inayosaidia ni mafuta maalumu ya asilimia 20 yanayopitishwa mshipani, na ni haki ya mgonjwa kuuliza kama yapo. Aidha, ganzi nyingine huchanganywa na adrenalini ili ikae muda mrefu na damu isitoke kwa wingi. Kwa mgonjwa wa moyo, madaktari wa meno wengi hujizuia wasivuke miligramu 0.04 za adrenalini kwa kikao kimoja, ambazo ni sawa na takriban vichupa viwili vya ganzi yenye adrenalini ya 1 kwa 100,000. Anayekwenda kung'oa jino aseme mapema kwamba ana kasoro ya mapigo, maana daktari hawezi kuijua kwa kumtazama mdomoni.

Kwa upande wa dawa anazomeza mgonjwa, hapa ndipo njia hii inapozishinda nyingine. Kung'oa jino moja, au kutoa mtoto wa jicho, mara nyingi hufanyika bila ya kuacha warfarini, mradi kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kimefanywa karibuni. Kwa jino, kiwango kinachokubalika kwa kawaida ni kisichofika 4.

Inafaa upasuaji mdogo na wa juujuu: jino, mtoto wa jicho, uvimbe wa chini ya ngozi, busha, na ngiri ya kinena inayoweza kurudishwa ndani, ikiwa daktari wa upasuaji ameizoea kazi hiyo. Haifai tumbo linalofunguliwa. Na kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: ganzi isiyokolea vizuri, huku mgonjwa ameng'ata meno kwa kustahi, huumiza moyo kuliko usingizi uliosimamiwa vyema. Aliyesikia maumivu aseme papo hapo, kwa sababu ganzi huongezwa, ilimradi kipimo cha juu hakijafikiwa.

Ganzi ya mgongo

Njia hii imezoeleka katika hospitali zetu kwa upasuaji wa kujifungua, ngiri, busha, tezi dume na mifupa ya miguu. Mgonjwa huketi ukingoni mwa kitanda, amekumbatia mto na kidevu amekileta kifuani. Mgongo hupakwa dawa ya baridi, kisha sindano nyembamba huingizwa kati ya pingili za kiuno, chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia. Baada ya muda mfupi miguu hupata joto, kisha huwa mizito, na mgonjwa akiambiwa ainue kidole gumba cha mguu hakiinuki. Joto hilo lina maana yake: mishipa ya damu ya miguuni imelegea na kutanuka, damu imetuama chini, na presha inaelekea kushuka. Ndiyo maana katika dakika hizo daktari wa usingizi haondoki karibu na mashine ya presha.

Moyo wa kawaida huifidia presha iliyoshuka kwa kuongeza kasi na nguvu. Moyo unaopapatika huweza kuongeza kasi kupita kiasi, na kasi hiyo ikaishusha presha zaidi badala ya kuipandisha. Ganzi ikipanda hadi kifuani, huifikia mishipa ya fahamu inayouharakisha moyo, na hapo mapigo hupungua. Kwa mtu ambaye mapigo yake tayari ni ya polepole na hana betri, hilo si jambo dogo. Dawa za kurekebisha zipo, kama atropini na efedrini, na hufanya kazi haraka zikiwa zimekwisha vutwa kwenye bomba kabla ya sindano ya mgongo kuchomwa. Tahadhari kubwa zaidi ni kwa mwenye vali ya aota au ya mitrali iliyobana sana, kwa sababu moyo wake hauna nafasi ya kufidia; huyo asichomwe sindano ya mgongo ya kawaida kabla ya kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, na ushauri wa daktari wa moyo.

Kizuizi kingine ni dawa za kuzuia damu kuganda. Sindano ikigusa mshipa mdogo wa damu karibu na uti wa mgongo kwa mtu ambaye damu yake haigandi, damu hukusanyika mahali pasipo na nafasi, huubana uti, na mgonjwa huweza kupooza miguu. Kwa sababu hiyo warfarini kwa kawaida huachwa siku 5 kabla, na INR hupimwa tena hadi irudi karibu na kiwango cha kawaida. Rivaroksabani na apiksabani huachwa takriban siku 3, na huenda zikahitaji muda zaidi kwa mwenye figo dhaifu. Aspirini peke yake si kizuizi. Lakini mgonjwa asiziache dawa hizi kwa uamuzi wake wala kwa kusoma makala kama hii, kwa sababu kila siku bila dawa ni siku ambayo damu inaweza kuganda moyoni. Mwenye vali ya bandia ya chuma, au mwenye vali ya mitrali iliyobana pamoja na mpapatiko, huenda akahitaji sindano za heparini, nayo dawa ya kuzuia damu kuganda, katika siku hizo, na hilo linapangwa na daktari wa moyo pamoja na wa usingizi.

Faida za ganzi ya mgongo si chache: mgonjwa anapumua mwenyewe, hakuna mpira unaoingizwa kooni, na saa za mwanzo baada ya upasuaji hupita bila maumivu makali. Baadaye baadhi hupata maumivu ya kichwa yanayozidi wakikaa na kupungua wakilala, na wanaume wenye tezi dume iliyovimba huweza kushindwa kukojoa kwa muda.

Dawa ya kutuliza

Hapa mgonjwa hupewa dozi ndogo ya midazolamu au dawa nyingine mshipani ili asinzie, mara nyingi pamoja na ganzi ya sehemu, au wakati wa kupitisha kamera tumboni. Kwa mwenye hofu kubwa inasaidia, kwa sababu hofu ikipungua adrenalini nayo hupungua. Kwa dozi ndogo presha na mapigo havibadiliki sana, na dawa za kuzuia damu kuganda hutegemea kitakachofanywa, si kutulizwa kwenyewe.

Udhaifu wake uko kwenye pumzi. Watu huichukulia kuwa njia nyepesi, na wepesi huo ndio unaonitia wasiwasi: mgonjwa aliyesinzia zaidi ya ilivyokusudiwa hupumua kidogo, oksijeni hushuka, kaboni dioksidi hupanda, na mapigo huvurugika. Isifanywe bila kifaa cha kupima oksijeni kwenye kidole, oksijeni ya kumpa, na mtu ambaye kazi yake wakati huo ni kumtazama mgonjwa tu. Baada yake mgonjwa asiendeshe pikipiki wala gari siku hiyo.

Nusu kaputi

Hii ndiyo inayoogopwa zaidi, na hofu hiyo ina asili. Dawa nyingi za kulaza hushusha presha. Mpira unapoingizwa kwenye koo, mapigo na presha hupanda kwa dakika kadhaa. Ketamini, ambayo imesaidia sana hospitali za Afrika kwa sababu haishushi presha wala pumzi kirahisi, huongeza kasi ya moyo, na kwa hiyo si chaguo la kwanza kwa moyo ambao shida yake ni kwenda mbio. Halothani, dawa ya mvuke ya zamani, huufanya moyo ushtuke upesi kwa adrenalini kuliko isofluranu. Neostigmini, inayotumika mwishoni kurudisha nguvu za misuli, hupunguza mapigo, ndiyo maana huambatanishwa na atropini au dawa ya aina yake. Mwenye nafasi ya QT iliyorefuka ana orodha yake ya kuepuka, ikiwemo ondansetroni ya kuzuia kutapika na sevofluranu, dawa ya mvuke ya kulaza, pamoja na baadhi ya antibayotiki na dawa za malaria anazoweza kuandikiwa baadaye wodini.

Upande wa pili wa mizani ni mzito vilevile. Katika usingizi kamili daktari ndiye anayeishika pumzi: oksijeni na kaboni dioksidi viko chini ya mkono wake, mgonjwa hana maumivu wala hofu, na mapigo yakiharibika hadi presha ikaanguka, moyo unaweza kushtuliwa kwa umeme papo hapo bila mgonjwa kuhisi. Warfarini na rivaroksabani hapa si tatizo la sindano, bali la damu itakayotoka kwenye kidonda, na hilo hupimwa kwa aina ya upasuaji. Utafiti uliofanywa Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2021, uliowahusisha wagonjwa 1,600 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliovunjika nyonga, haukuona kwamba ganzi ya mgongo ilikuwa bora kuliko usingizi kamili kwa uhai na uwezo wa kutembea baada ya siku 60. Utafiti huo haukuwa wa wenye kasoro za mapigo pekee, lakini unatosha kutufanya tusiseme kwamba kulazwa usingizi ni hatari moja kwa moja.

Mara nyingi hakuna njia nyingine inayofaa kwa upasuaji mkubwa wa tumbo la juu, kifua, kichwa, au upasuaji mrefu. Upasuaji wa kamera kwa matundu madogo nao hufanywa hivi, na hewa inayojazwa tumboni huweza kupunguza mapigo ghafla, basi daktari wa upasuaji aijaze taratibu. Njia hii inahitaji vifaa na watu kuliko zote: mashine inayoonyesha umeme wa moyo muda wote, kipimo cha kaboni dioksidi inayotoka, mashine ya kushtua moyo iliyo karibu na inayofanya kazi, na kitanda cha uangalizi baadaye, kwa sababu mpapatiko hupenda kurudi katika siku za mwanzo baada ya upasuaji mkubwa.

Maandalizi yasiyobadilika kwa njia zote

Mapigo yadhibitiwe kwanza. Kwa mpapatiko, wengi hutaka yawe chini ya 100 au 110 kwa dakika mgonjwa akiwa amepumzika. Potasiamu ipimwe. Vidonge vya kupunguza kasi, kama bisoprololi au atenololi, kwa kawaida haviachwi, na humezwa asubuhi ya upasuaji kwa funda la maji; kuviacha ghafla kunaweza kuurusha moyo. Chakula huachwa saa 6 kabla, na maji matupu saa 2 kabla, isipokuwa hospitali imeelekeza vingine. Ramadhani ina jambo lake: aliyevihamisha vidonge vya asubuhi kwenda kwenye futari au daku aseme, na aliyefunga mchana kutwa kabla ya kulazwa aseme pia, kwa sababu mwili uliokauka maji huanguka presha upesi kwa sindano ya mgongo na kwa usingizi.

Dawa zibebwe zenyewe na makasha yake, zikiwemo za mitishamba, habasoda na vidonge vya vitunguu saumu. Mzee akiingia kliniki, baada ya salamu, maneno yafuatayo yanatosha: "Daktari, mapigo yangu hayana mpangilio, nameza warfarini kila usiku, na dawa zangu zote ni hizi." Kijana aliyemsindikiza asimkate kauli, wala asimfiche daktari kwa kuona haya.

Mwenye betri ya moyo ana sharti la ziada. Kisu cha umeme kinachotumika kuzuia damu huweza kuidanganya betri ikaacha kupiga. Sumaku ikiwekwa juu ya betri ya kawaida huifanya ipige kwa kasi isiyobadilika, lakini ikiwekwa juu ya kifaa cha kushtua moyo kilichopandikizwa mwilini huzima kushtua tu, na wahudumu wasiozoea huchanganya vifaa hivi viwili. Betri iwe imekaguliwa ndani ya miezi 12, na kifaa cha kushtua ndani ya miezi 6. Kadi ya kifaa iende na mgonjwa hadi mlango wa chumba cha upasuaji.

Kwa hali yako

Mwenye mpapatiko uliodhibitiwa, anayemeza warfarini, na anayehitaji kutoa mtoto wa jicho, jino au uvimbe mdogo, aanze kwa kuulizia ganzi ya sehemu, na kwa kawaida hana haja ya kuacha dawa.

Mwenye ngiri au busha na moyo uliotulia ana njia tatu zilizo wazi. Ikiwa daktari wa upasuaji ana uzoefu na ganzi ya sehemu, hiyo inastahili kutajwa kwanza. Ikiwa ngiri ni kubwa na dawa za damu zinaweza kuachwa kwa usalama, ganzi ya mgongo ni ya busara. Ikiwa dawa haziwezi kuachwa siku za kutosha, nusu kaputi huenda ndiyo iliyo salama zaidi kuliko ganzi ya mgongo, ingawa wengi wangetarajia kinyume.

Mwenye mapigo ya polepole mno asiye na betri, mwenye vali iliyobana, au aliyewahi kuzimia bila sababu inayojulikana, asichague kabla ya kuonwa na daktari wa moyo. Anayeishi Micheweni au Wete, Pemba, anaweza kuhitaji kushuka hadi Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, au kuvuka kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na baadhi watapelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambako betri za moyo huwekwa. Safari hiyo ina gharama na uchovu, na familia ina haki ya kuuliza kama ni ya lazima. Lakini kwa makundi haya matatu naiona ina thamani, hata ngiri ikisubiri wiki kadhaa.

Mwenye hofu kubwa kiasi kwamba mapigo yanapanda akifikiria tu chumba cha upasuaji asijilazimishe kuwa macho kwa kudhani ndio ushujaa. Ganzi pamoja na dawa ya kutuliza, au usingizi kamili, huweza kuupumzisha moyo wake zaidi.

Na katika dharura, kama utumbo uliojinyonga ndani ya ngiri au uzazi uliokwama usiku, daktari wa usingizi ndiye atakayechagua, na atachagua haraka. Waliomleta mgonjwa wamwambie mlangoni mambo mawili kabla ya mengine yote: jina la kasoro ya moyo, na saa ambayo mgonjwa alimeza dawa ya kuzuia damu kuganda kwa mara ya mwisho, maana saa hiyo ndiyo itakayoonyesha kama sindano ya mgongo inawezekana au la.